Dawa Yangu Haipunguzi Damu

Mama yangu anaishi Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na mimi ninaishi na kufundisha Mtwara mjini. Mwaka 2017 nilifanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, nikaondolewa vali moja ya moyo iliyokuwa imekakamaa na kuwekewa ya bandia, na tangu siku hizo nameza warfarini kila usiku, dawa ambayo nitaendelea nayo maisha yangu yote. Nikiwa bado wodini, ndugu aliyekuwa akiniuguza aliwapigia simu watu wa nyumbani na kuwaeleza kwamba nimeanzishiwa "dawa ya kupunguza damu". Hakuwa na nia mbaya, kwa kuwa hata baadhi ya wahudumu wa afya huiita hivyo, lakini maneno hayo manne ndiyo yaliyokaribia kunirudisha wodini kabla kidonda cha kifuani hakijapona sawasawa.

Mama aliyasikia maneno hayo kama yalivyosemwa. Kwetu mtu aliyepungukiwa damu hupikiwa matembele, kisamvu na majani ya kunde, tena hunyweshwa juisi ya rozela, na kwa kuwa hospitali ilikuwa imeamua kunipunguza damu, mama aliona wajibu wake ni kuniongeza. Nilipelekwa Newala kupumzika kwa wiki tano. Mchana nilikula ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuungwa kwa nazi na karanga, usiku nilikula matembele, na asubuhi uji wangu ulitiwa kijiko cha unga wa majani ya mlonge, ambao shangazi aliuleta mwenyewe kwa sababu haamini kwamba kuna ugonjwa usiosikia mlonge. Nilinawiri kiasi cha watu kunisifia. Niliporudi Mtwara na kupimwa, INR yangu, yaani namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, ambayo ilitakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5, ilikuwa 1.4. Daktari aliniuliza kama nameza dawa, nikamwapia kwamba sijakosa hata usiku mmoja, naye akanyamaza kidogo kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Huko nyumbani ulikuwa unakula mboga gani, mwalimu?"

Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu nimekutana na wagonjwa waliotumia dawa hii kwa miaka bila kuambiwa. Warfarini haipunguzi damu, haiiyeyushi, wala haiigeuzi kuwa nyepesi kama maji. Ujazo wa damu mwilini unabaki uleule, na mtu anayeitumia hahitaji kuongezewa chochote kwa sababu hiyo peke yake. Kinachobadilika ni kasi ya kuganda. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K, na mwili una njia ya kuirejesha vitamini hiyo baada ya kuitumia ili iweze kutumika tena. Warfarini huziba njia hiyo, kwa hiyo protini nyingi hutoka zikiwa hazijakamilika na damu huchelewa kuganda. INR ndicho kipimo cha ucheleweshaji huo. Mtu asiyetumia dawa huwa na namba iliyo karibu na 1, na kadiri namba inavyopanda ndivyo damu inavyochelewa zaidi. Majani ya kijani kibichi, hasa yale ambayo sisi wa Kusini tunayapenda kuliko nyama, yana vitamini K kwa wingi. Kwa wiki tano mama na dawa walikuwa wakivutana kamba ndani ya ini langu, na aliyeshinda alikuwa mama.

Ushindi huo ungeweza kuniua. Vali niliyowekewa watu huiita ya chuma, ingawa sehemu zake zinazofunguka na kufunga hutengenezwa kwa kaboni ngumu, na usiku kukiwa kimya mume wangu huisikia ikigonga kama saa ya mkononi iliyowekwa chini ya mto. Damu ikigusa kitu kigeni cha namna hiyo huwa tayari kuganda juu yake. Bonge likiota hapo laweza kuizuia vali isifunguke, au laweza kung'oka na kwenda kwenye ubongo likasababisha kiharusi. Ndiyo maana mwenye vali ya aina yangu kwenye upande wa kushoto kati ya chemba ya juu na ya chini hupewa lengo la juu kidogo kuliko wengi wanaotumia warfarini kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio au bonge la damu mguuni, ambao kwa kawaida huwekewa lengo la kati ya 2 na 3. Ninalitaja hili kwa sababu jirani akikuambia kwamba INR yake ya 2.2 ni nzuri, haina maana kwamba yako ya 2.2 nayo ni nzuri.

Nilitoka kwa daktari nikiwa na hofu, na hofu ikanifanya nikosee upande wa pili. Niliacha majani yote kabisa. Kwa wiki tatu nilikula wali kwa samaki, maharage na ndizi za kuchemsha, nikimwambia kila mtu kwamba mboga za majani ni sumu kwangu, na nilipopimwa tena INR ilikuwa imepanda hadi 4.3, kwa kuwa dozi ilikuwa imeongezwa ili kushindana na mboga ambazo sikuzila tena. Daktari alicheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka kurudia jambo hilohilo. Alisema majani ni chakula bora na hajawahi kumkataza mgonjwa asile. Anachotaka ni kujua kiasi gani kinaliwa na kwamba kiasi hicho hakitayumba, kwa maana dozi hupangwa kufuata maisha ya mtu, na maisha yakibadilika bila dozi kujua, namba nayo hupotea. Dawa hii haigombani na kisamvu. Inagombana na kigeugeu.

Tulipatana mimi, mama na daktari kwamba nitakula bakuli moja dogo la majani yaliyopikwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, iwe niko Mtwara au Newala, na unga wa mlonge nikauacha moja kwa moja, kwa sababu unga ni majani mengi yaliyokusanywa katika kijiko na hakuna anayeweza kusema kijiko cha leo kina nguvu sawa na cha jana. Kumfanya mama akubali ilikuwa kazi kubwa kuliko upasuaji. Alichokubali hatimaye ni mfano wa chumvi: hakuna anayepika bila chumvi, na hakuna anayemimina kopo zima, na mkono uliozoea kipimo chake hauhitaji kuonja kila mara.

Hata hivyo kalenda ya Kusini ina ukaidi wake. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, na ndani ya miezi hiyo majani yapo kila ua na bei yake sokoni ni ya kurushiana. Kisha kiangazi huja, mboga huwa za kukausha au hazipo, na mtu anajikuta amehama kutoka majani hadi choroko, mbaazi na dagaa bila kukusudia. Kwa miaka miwili ya kwanza namba zangu zilipanda kila Agosti, na nilidhani ni bahati mbaya mpaka nilipozipanga kwenye daftari nikaona zinafuata mvua. Sasa huwa naomba kupimwa mapema misimu inapobadilika. Vivyo hivyo kwa Ramadhani: kwa kuwa nameza dawa saa tatu usiku, funga hainilazimishi kubadilisha saa, lakini futari hubadilisha chakula, kwa hiyo nilimwarifu daktari kabla sijaanza kufunga, naye akaangalia moyo wangu kwanza kabla ya kuniruhusu.

Kuhusu hiyo saa tatu usiku, niliwahi kudhani ni desturi tu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: majibu ya maabara hutoka mchana, na kama namba imekwenda vibaya daktari anaweza kubadilisha dozi ya usiku uleule. Nikisahau na kukumbuka kabla ya usiku wa manane, nameza. Nikikumbuka kesho yake, ile ya jana imekwenda na mwenyewe, nameza ya leo peke yake na kuandika daftarini kwamba nimekosa. Kumeza mbili ili kufidia ni kosa ambalo wengi hulifanya kwa kudhani wanajitendea haki.

Mjomba wangu alinipigia simu mwaka 2019 akiwa amekasirika. Alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba warfarini ni sumu ya panya, na kwa kuwa katika ukoo wetu mjomba ndiye anayeulizwa kwa nini hakusema, aliona asinyamaze. Nilimjibu kwamba amesoma kweli. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa, na ikagundulika kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alibeba ng'ombe aliyekufa na kopo la damu isiyoganda akaenda nalo hadi chuo kikuu, na katika maabara ya Karl Paul Link kemikali yenyewe ilipatikana miaka michache baadaye. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi alitolewa mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuitwa warfarini kwa herufi za mwanzo za taasisi ya utafiti ya wahitimu wa Wisconsin, WARF, na mwaka 1954 dawa hiyohiyo iliruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipata shambulio la moyo akapewa hiyo. Mjomba alinyamaza, kisha akauliza tofauti kati ya panya na rais ni nini. Nilimjibu: miligramu.

Nilimjibu kwa majivuno, na miaka miwili baadaye miligramu hizohizo zikaniadhiri. Dozi yangu wakati huo ilikuwa miligramu 4.5, na kwa kuwa vidonge vyangu vilikuwa vya miligramu 3, mimi na nyumba nzima tulizoea kusema "kimoja na nusu". Duka la dawa nililolizoea liliishiwa na vidonge hivyo. Nikaenda duka lingine ambalo sitalitaja, kijana akanipa pakiti, nikamwuliza kama ni warfarini, akasema ndiyo, na kweli ilikuwa warfarini. Vidonge vya mwanzo vilikuwa vya buluu na hivi vilikuwa vya waridi, lakini dawa kubadilika rangi kwa sababu ya kiwanda kipya ni jambo tulilolizoea, sikuhoji. Niliendelea na kimoja na nusu. Vilikuwa vya miligramu 5, kwa hiyo kila usiku nilikuwa nikimeza miligramu 7.5.

Hakuna kilichotokea siku ya kwanza wala ya pili, na hilo ndilo linalofanya kosa la namna hii liwe la hatari. Warfarini hukaa mwilini kwa muda mrefu, na protini zilizokwishatengenezwa huendelea kufanya kazi mpaka ziishe zenyewe, hivyo mabadiliko ya dozi huanza kuonekana baada ya siku mbili au tatu na huhitaji takriban wiki moja kuonyesha uzito wake wote. Siku ya saba mswaki wangu ulitoka na damu, nikalaumu mswaki. Siku ya tisa niliona alama ya zambarau pajani, kubwa kama kisosi, na sikukumbuka kujigonga popote. Siku ya kumi na moja pua ilianza kutoka damu darasani, wanafunzi wa kidato cha pili wakiwa wanaandika, na ilichukua dakika ishirini kukoma. INR ilikuwa 7.8. Daktari alinisimamisha dawa kwa usiku mbili, akanipima tena siku ya tatu, na hakunipa vitamini K kwa sababu pua ilikuwa imekwishakoma, na kwa mwenye vali kama yangu kuishusha namba kwa ghafla kuna hatari zake. Alitaka kuona pakiti. Aliisoma mara moja, akanigeuzia upande wenye namba, nami nikajiona mjinga, kwa kuwa namba ilikuwa imeandikwa wazi na mimi kazi yangu ni kufundisha watu kusoma maswali mpaka mwisho.

Tangu hapo hakuna mtu nyumbani kwangu anayeruhusiwa kutaja dozi kwa idadi ya vidonge. Tunataja miligramu. Daftari lina safu za tarehe, miligramu nilizomeza, INR, na jambo lolote jipya: homa, safari, msiba, dawa nyingine. Rangi nimeacha kuiamini kabisa, kwa kuwa hata nchi na nchi hazikubaliani. Nchini Uingereza kidonge cha waridi ni cha miligramu 5, wakati Marekani cha waridi ni cha miligramu 1, na mtu aliyeletewa dawa na ndugu kutoka nje anaweza kuongeza au kupunguza dozi yake mara tano kwa kufuata macho. Nikipewa pakiti mpya naisoma mbele ya muuzaji, naisoma kwa sauti, na kama nguvu ya kidonge imebadilika naomba anifanyie hesabu kwenye karatasi kabla sijaondoka. Wapo wanaokereka, na nimejifunza kuwavumilia.

Jambo lililobaki kuwa gumu zaidi kwangu si chakula wala hesabu, bali ni dawa za watu wengine. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye malaria nyingi, na sidhani kuna mtu mzima hapa ambaye hajawahi kuingia duka la dawa akasema mwili unamuuma na kupewa bahasha ndogo yenye vidonge vya aina tatu. Kwa anayetumia warfarini bahasha hiyo ni bahati nasibu. Asprini, diklofenaki na ibuprofeni huchokoza utando wa tumbo na kudhoofisha chembe sahani, ambazo ndizo mstari wa kwanza wa kuziba jeraha, kwa hiyo mtu anaweza kuvuja damu tumboni hata INR ikiwa ndani ya lengo. Septrin na Flagyl, ambazo hutolewa hapa kwa kila tumbo na kila kikohozi, hupandisha INR kwa nguvu, na flukonazoli ya fangasi hali kadhalika. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha namba kiasi cha dozi kuhitaji kuongezwa sana, na matatizo huja mara ya pili siku ya kumaliza matibabu, pale mtu anapobaki na dozi kubwa isiyo na mpinzani. Maumivu ya kawaida mimi hutulizwa na Panadol, ingawa nayo ikitumiwa kwa wingi kwa siku nyingi mfululizo huweza kupandisha namba.

Nikiugua malaria, napimwa kwanza, natibiwa kama inavyotakiwa, na nasema mapema kabisa kwamba natumia warfarini. Malaria haingoji na siwezi kukataa matibabu yake kwa sababu ya INR, lakini homa yenyewe, kutokula kwa siku mbili tatu, na baadhi ya dawa, kwinini ikiwa mojawapo, husogeza namba, hivyo hurudi kupimwa ndani ya siku chache. Ninachokataa ni sindano ya kwenye nyama pale ambapo kuna njia nyingine. Sindano ya diklofenaki ya makalio, ambayo kwa wazee wetu ndiyo ishara kwamba umetibiwa kweli, inaweza kuvujisha damu ndani ya msuli na kutengeneza uvimbe mkubwa wenye maumivu makali kuliko yale yaliyokupeleka zahanati. Dawa inayoweza kumezwa naimeza, na inayolazimu sindano naomba ipitie mshipani.

Kisha kuna kuumikwa. Katika pwani yetu yote watu wazima huumikwa mgongoni kwa chuku, siku hizi kwa vikombe vya plastiki, na upande wa bara wengine bado huchanjwa chale za dawa. Sitaki kuanzisha ubishi na wanaonufaika nako. Kwa mtu wa warfarini, hata hivyo, ni kukata ngozi kwa makusudi wakati dawa imekwisha kuchelewesha mlango kufungwa. Shangazi yule wa mlonge alikwisha kuniwekea miadi, akisema damu chafu ikitoka hata vidonge havitahitajika, na ilibidi mjomba aingilie kati, yeye aliyekuwa ameipinga dawa hapo mwanzo.

Kung'oa jino nako kuna mtego wake, lakini mtego uko upande wa pili. Rafiki tuliyefahamiana kliniki, mwenye vali kama yangu, aliambiwa na mtu wa mtaani aache dawa wiki nzima kabla ya kung'oa, akaacha, na jino likang'oka bila tatizo lolote, ila siku kumi baadaye mdomo ulipinda na mkono wa kulia ukakosa nguvu. Kwa jino la kawaida mara nyingi dawa haiachwi. INR hupimwa siku moja au mbili kabla, na tabibu wa meno huziba tundu kwa pamba maalumu na nyuzi. Kama ni lazima kuacha, kwa upasuaji mkubwa, anayeamua ni daktari anayesimamia moyo wako, naye hupanga ni kitu gani kitakulinda katika siku hizo za katikati. Wanawake ambao bado wanazaa wasingoje mimba ndipo waseme, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na kuiacha ghafla kunaweza kumdhuru mama. Mpango hufanywa kabla, na huwa na sindano za chini ya ngozi za heparini, dawa nyingine ya kuchelewesha damu kuganda.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie dawa mpya ambazo hazihitaji kupimwa INR. Jirani yetu, mzee aliyepata bonge la damu mguuni, anatumia rivaroksabani na ameepukana na daftari lote hili. Kwake ni sawa, ingawa naye ana masharti yake: vidonge vya miligramu 15 na 20 lazima vimezwe pamoja na chakula ili vifyonzwe, na kwa kuwa nguvu yake huisha ndani ya siku moja, kukosa dozi kwake ni kubaki bila kinga mapema kuliko mimi. Kwa vali ya bandia ya aina yangu dawa hizo hazifai. Dabigatrani, mmoja wa ndugu zake, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa namna yangu, na jaribio likasimamishwa kwa sababu waliopewa walipata mabonge na kutokwa damu kuliko wa warfarini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Na sisi tulioharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, ile inayotokana na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, tuna sababu ya ziada ya kutobadilisha dawa kwa kusikia ya jirani.

Kupima ndiko kunakochosha. Namba ikitulia naweza kukaa wiki nne au zaidi, lakini kila dozi inapobadilishwa narudi ndani ya wiki. Nimewahi kufika maabara nikakuta vitendanishi vimekwisha, nikaelekezwa kwingine, na huko nikakuta mashine inangoja fundi. Siku hizi napiga simu kabla ya kutoka. Nimejifunza pia kumtazama mtoa damu: kile kichupa chenye kizibo cha buluu kina dawa ya kuzuia damu isigande kabla haijafika kwenye mashine, na kisipojazwa mpaka kwenye mstari, uwiano huharibika na majibu huwa ya uongo. Namwomba kwa adabu ajaze, naye mara nyingi hujaza.

Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam huko wilayani Kilwa, na mabasi yakalala njiani kwa siku kadhaa. Dawa zangu zilikuwa kwenye mojawapo. Nilibaki na vidonge vya siku sita, na nakiri kwamba usiku wa kwanza nilishika wembe nikitaka kuvikata nusu ili vifike siku kumi na mbili. Mume wangu ndiye aliyenikumbusha ile 1.4 ya Newala. Nilimeza dozi kamili na kesho yake nikaanza kupiga simu hospitali moja baada ya nyingine mpaka nikapata za kunivusha, tena ndani ya mkoa wetu. Tangu hapo naagiza nikiwa bado na akiba ya mwezi mzima.

Kwenye mlango wa kabati la jikoni nimebandika karatasi ambayo watoto wameisoma mara nyingi hata wanaweza kuitaja bila kuiangalia. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, matapishi kama mashapo ya kahawa, kichwa kinachouma ghafla kuliko kawaida: hospitali mara moja, hata usiku. Damu ya pua: kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia, na isipokoma nenda. Nikianguka na bodaboda na kugonga kichwa, nipelekwe hata kama nasimama na kusema sina neno, kwa kuwa damu ndani ya fuvu huweza kujikusanya polepole. Mdomo ukipinda, maneno yakikosa mpangilio, pumzi ikikata ghafla, au mlio wa vali ukififia, hayo ni mambo ya bonge, na hapo ndipo mume wangu ana kazi kuliko daktari, maana yeye ndiye anayeusikia usiku.

Mwisho wa wiki iliyopita nilikuwa Newala. Ilikuwa Jumamosi, na mama alikuwa amechuma matembele ya wageni. Alinipakulia samaki na mbaazi, akasukuma bakuli la majani upande wa shangazi, na shangazi alipofungua mdomo kuuliza, mama akamjibu kwamba leo si Ijumaa.